Wauguzi wanaondoka mmoja mmoja wodini kwangu, je tatizo ni mshahara tu?

SWALI: "Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni inchaji, yaani msimamizi, wa wodi ya upasuaji kwenye hospitali moja ya misheni huku mkoani. Wodi ina vitanda 36 lakini mara nyingi tunalaza hadi wagonjwa 45, wengine chini. Nina wauguzi 8 ukiniondoa mimi. Asubuhi wanaingia watatu, saa 1:30 mpaka saa 8:30 mchana, jioni wawili kuanzia saa 8 mchana mpaka saa 2 usiku, naiti anaingia mmoja na mhudumu mmoja, saa 2 usiku mpaka saa 2 asubuhi. Mwaka huu peke yake wameondoka watano. Wawili wamepata ajira serikalini, mmoja kaenda zahanati ya mtu binafsi ambako najua kabisa analipwa kidogo kuliko hapa, mmoja kaomba kuhamia OPD (wagonjwa wa nje), mmoja kaacha uuguzi kabisa anauza nguo. Wanaoletwa ni vijana wametoka chuo, baada ya miezi sita nao wanaanza kuulizia sehemu nyingine. Uongozi unasema vijana wa siku hizi hawana wito, mwezi uliopita tukaletewa semina ya kukabiliana na stresi. Waliobaki wananiomba tuhamie zamu za masaa 12 ili wapate ofu nyingi. Mshahara ni mdogo na siwezi kuuongeza, sasa je kuna chochote ninachoweza kufanya au nikubali tu kwamba wataondoka? Na mimi mwenyewe siku hizi silali, nimeanza kumeza diazepam ili nipate usingizi, na nikikaribia geti la hospitali machozi yananitoka bila sababu."

JIBU: Pole sana dada yangu. Umeuliza mambo mawili na la pili umelitupia mwishoni kama dogo, mimi naanza na hilo hilo.

Kutolala, machozi getini na diazepam ni mambo ya kumwona daktari wiki hii, usisubiri mpaka umalize rosta ya mwezi ujao. Kama unameza kila siku na zimepita wiki kadhaa usiache ghafla, mwili ukishazoea ukaikatisha siku moja unaweza kupata kutetemeka, wasiwasi mkali, hata degedege, inatakiwa upunguziwe taratibu na mtu anayekufuatilia. Hili unalijua vizuri kwa mgonjwa, ila sisi wa wodini ndo wa mwisho kulitumia kwetu wenyewe. Kama unaogopa faili lako kusomwa na wenzako nenda hospitali nyingine, ulizia kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa.

Kwa nini daktari na siyo likizo tu? Kwa sababu uchovu wa kazi na sonona vinafanana sana kwa nje. Uchovu wa kazi Shirika la Afya Duniani lilipouweka kwenye orodha yake mpya ya magonjwa mwaka 2019 lilisema wazi kwamba wenyewe siyo ugonjwa, ni hali inayotokana na stresi ya kazini ya muda mrefu ambayo haikudhibitiwa, na ina sura tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona huna tena unachofanikisha. Sonona ni ugonjwa na haibaki getini, inakufuata nyumbani. Kwa hiyo kama hata siku ya ofu chakula hakina ladha, watoto hawakufurahishi, unajiona mzigo kwa watu, hiyo imeshavuka kazi. Na kama umewahi kuwaza bora ufe, nenda leo na usiende peke yako, mwambie ndugu au rafiki akusindikize. Waangalie na vijana wako kwa jicho hilo hilo, sisi kabati la dawa liko mkononi kuliko watu wengine wote na wengi huanza hivi hivi, kidonge kimoja cha usingizi baada ya naiti.

Haya, tuje wodini.

Hebu tuwaangalie hao watano mmoja mmoja maana majibu mengi yako kwao. Wawili walioenda serikalini wamefuata ajira ya kudumu, pensheni, uhakika wa kupandishwa daraja na ruhusa ya kwenda kusoma. Hao kwa rosta usingewazuia na wala usijilaumu, hospitali za misheni nchi nzima zinajua kwamba serikali ikitangaza ajira wodi zinabaki nusu. Lakini hao watatu wengine? Mmoja kaenda kulipwa KIDOGO zaidi. Mmoja kahamia OPD, mshahara ule ule, mwajiri yule yule. Mmoja kavua yunifomu kaenda kuuza nguo, biashara ambayo haina hata uhakika wa kesho. Watatu kati ya watano hawakuondoka kufuata hela, wameikimbia wodi, na wodi ni kitu ambacho wewe na uongozi wako mnaweza kukigusa.

Hii hoja ya wito inaniumiza kila nikiisikia kwa sababu inamfanya mtu aliyechoka aone aibu, na mwenye aibu hasemi, anaandika barua ya kuacha kazi tu. Kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi na kila hospitali inalia, wataalamu wa chuo chao cha taaluma ya uuguzi wakaamua kugeuza swali, badala ya kuuliza kwa nini wanaondoka wakauliza ni hospitali zipi haziachwi. Mwaka 1983 wakatoa ripoti ya hospitali 41 ambazo wauguzi walikuwa wanakaa hata pale ambapo majirani zao wanakimbiwa, wakaziita hospitali za sumaku. Wauguzi wake hawakuwa watakatifu. Walikuwa na matroni, yaani mkuu wa wauguzi, anayeonekana wodini na anayesikilizwa kwenye meza ya wakubwa, wauguzi wenyewe walishiriki kuamua namna kazi inavyofanyika, rosta ilikuwa inaongeleka, na watu walitosha. Wito ulikuwa ule ule wa hospitali ya jirani.

Sasa kinachotokea ndani ya mtu ni nini. Mwaka 1979 mtafiti mmoja anaitwa Robert Karasek alichambua taarifa za wafanyakazi wa Sweden na Marekani akaona kwamba kazi nyingi peke yake haimvunji mtu sana, kinachomvunja ni kazi nyingi ikikutana na kukosa uamuzi. Daktari bingwa anaweza kufanya kazi mpaka usiku na bado akaamka na hamu, kwa sababu anaamua aanze na nani na apumzike lini. Nesi wako ana mzigo mzito vile vile lakini haamui chochote, siku ya naiti anapangiwa, ofu inakatwa kwa simu, wagonjwa wanaongezwa chini bila kuulizwa, dawa hazipo na yeye ndo anatukanwa na ndugu. Mwili wa mtu wa namna hiyo unakaa kwenye hali ya hatari muda wote, moyo unaenda mbio, usingizi unakuwa mwepesi, na baada ya miezi mtu anazima hisia ili aweze kuendelea. Ule ukali tunaoulalamikia kwa manesi mara nyingi ndo huko kuzima hisia. Baadaye watafiti wengine wakaongeza kitu cha tatu, kushikwa mkono na wenzako na mkubwa wako: mzigo mzito, uamuzi mdogo na hakuna wa kukushika mkono, hapo ndipo watu wanapovunjika haraka. Na mtafiti mwingine aliyefanya kazi Ujerumani, Johannes Siegrist, mwaka 1996 akaeleza upande wa malipo, kwamba mtu anaumia pale anachotoa kinapozidi anachorudishiwa, na anachorudishiwa siyo hela tu, kuna heshima, na kuna kuona kesho yako inaenda wapi. Mshahara huwezi kuugusa sawa, ila heshima na kesho zinapita mikononi mwako kila siku.

Nikisoma swali lako jicho langu linagota kwenye naiti. Muuguzi MMOJA, wagonjwa 45 wa upasuaji, masaa 12. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, wakaona kila mgonjwa mmoja anapoongezeka kwa nesi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7, uwezekano wa nesi mwenyewe kuchakaa kwa kazi unapanda kwa asilimia 23 na wa kutoridhika na kazi asilimia 15. Wale walikuwa wanaongelea wagonjwa 4 mpaka 8 kwa nesi, kwa hiyo usizichukue hizo asilimia ukazizidisha mpaka 45, hesabu haiendi hivyo, ila mwelekeo ni ule ule na kwako ni mkali zaidi. Nairobi nako watafiti waliwahi kukaa kwenye wodi za vichanga wakihesabu kwa macho huduma ambazo mtoto alitakiwa kupata na hakuzipata, na nesi akiongezewa watoto ndivyo zinavyoachwa nyingi.

Na hapa ndo kuna maumivu ambayo nadhani uongozi wako hauyaoni. Kijana ametoka chuo, amefundishwa mgonjwa aliyetoka thieta (chumba cha upasuaji) anapimwa presha na mapigo mara ngapi, anajua kabisa yule wa kitanda cha 12 anatakiwa aangaliwe sasa hivi, ila yuko peke yake anatafuta mshipa kwa wa kitanda cha 30. Asubuhi anakuta wa 12 amebadilika. Anajua kilichotakiwa na anajua hakukifanya, na hakuna aliyemwambia kwamba hakikuwezekana, anachopata ni barua ya kujieleza. Anayeumizwa na hilo ndiye mwenye wito, asiyejali angelala usingizi wake vizuri tu. Kwa hiyo dada, mnaowapoteza inawezekana kabisa ndo wazuri wenu.

Nimekupigia hesabu ya rosta yako. Asubuhi watatu kwa masaa 7 kila siku ni masaa 147 kwa wiki, jioni wawili kwa masaa 6 ni 84, naiti mmoja kwa masaa 12 ni 84, jumla 315. Gawa kwa wauguzi 8 unapata masaa 39 na kidogo, inaonekana nzuri, na bila shaka ndo uongozi unavyoiona. Lakini kila mtu ana likizo ya siku 28, kwa hiyo kwa wastani wa mwaka huna 8, una kama 7.4, na hapo kila mmoja anafika karibu masaa 43. Mmoja akiwa likizo ya uzazi waliobaki wanaenda 49, umeshavuka masaa 45 ya kawaida kwa wiki ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, na mtu hajaugua bado. Ukitaka kuweka muuguzi wa pili naiti zote kwa watu ulionao itakuwa karibu masaa 54 kwa wiki kila mmoja. Haiwezekani, usijaribu, utawavunja wote kwa pamoja. Ukiwa na wauguzi 10 inakaa kwenye masaa 43. Kwa hiyo ombi lako kwa uongozi lina namba, wauguzi WAWILI, na hesabu yake hiyo hapo.

Wakati unasubiri hao wawili kuna nafasi ndogo. Jumamosi na Jumapili kama hakuna thieta ya kupangwa, je unahitaji watatu asubuhi? Ukiweka wawili unaokoa masaa 14 kwa wiki, yanatosha kumleta nesi wa pili kwenye naiti moja, mweke usiku wa ile siku mnayofanya operesheni nyingi. Ni naiti moja tu kati ya saba najua, lakini ndo ile ambayo watu huwa wanaiogopa, na wakiwa wawili wanaweza kupokezana kupumzika nusu saa, mmoja hawezi.

Sasa mambo ambayo hayahitaji hata shilingi. Kwanza marufuku kumtoa mtu jioni ukamwingiza asubuhi yake. Anatoka saa 2 usiku, anarudi saa 1:30, hayo ni masaa 11 na nusu kwenye karatasi, na sheria inataka masaa 12 mfululizo kati ya kutoka na kurudi. Na kwenye karatasi tu, maana ukiangalia zamu zako jioni inaisha saa 2 na naiti inaanza saa 2, kukabidhiana kunafanyika lini? Kunafanyika kwa muda wa mtu wa jioni bila malipo, anatoka saa 2:40, anatafuta boda gizani, anakula, analala saa 5 na saa 11 alfajiri yuko macho. Utafiti wa wauguzi wa Norway umeonesha hizi zamu za kurudi haraka zinaendana na watu kuugua na kukosa kazini. Sogeza jioni ianze saa 8:20 iishe saa 2:20, masaa ni yale yale sita, ila sasa kukabidhi kuko ndani ya kazi. Upange pia mzunguko uende mbele, asubuhi kisha jioni kisha naiti kisha ofu, kwa sababu saa ya ndani ya mwili wa binadamu ina zaidi kidogo ya masaa 24, kuchelewa kulala inaweza, kuwahishwa haiwezi. Naiti zisizidi tatu mfululizo. Na tafadhali sana, siku mtu anayotoka naiti asubuhi ISIHESABIWE kuwa ofu. Hilo linaudhi watu kuliko unavyofikiri, anatoka kazini saa 2 asubuhi analala mchana kutwa halafu daftari linasema alikuwa ofu.

Rosta itoke wiki nne kabla na kuwe na daftari la maombi ambalo mtu anaandika siku zake mbili anazozihitaji kwa mwezi, harusi, mtihani, kliniki ya mtoto, kikoba. Anayeandika kwanza anapewa, inchaji hana mtu wake wa kumpendelea. Hapo ndo kile kitu cha Karasek kinarudi mikononi mwa watu, hujapunguza mgonjwa hata mmoja lakini umempa mtu uamuzi juu ya maisha yake. Simu za kumtoa mtu kwenye ofu ziwe na utaratibu, kuwe na mtu wa akiba anayejulikana kila siku na akiitwa analipwa ekstra au anarudishiwa siku yake, na irudishwe kweli.

Kuhusu masaa 12. Naelewa wanachokitaka, nauli inapungua, wana mashamba, wana watoto, wengine wanasoma, na waliokuomba ni watu wazima wanaojua maisha yao. Lakini lazima niwe mkweli, utafiti mkubwa wa nchi 12 za Ulaya uliochapishwa 2015, wauguzi zaidi ya elfu 31, ulionesha wanaofanya zamu za masaa 12 na kuendelea wana uchovu wa kazi zaidi, wanaridhika kidogo na kazi na wanafikiria zaidi kuondoka, ukilinganisha na wa masaa 8 au chini. Yaani kile wanachokiomba ili wapumue ndo kinaweza kuwaondoa. Na ofu zikiwa nyingi, kwa mishahara hii, zinaenda kwenye pati taimu ya zahanati nyingine, siyo kulala. Kuna utafiti pia wa Australia wa 1997, mtu aliyekaa macho masaa 17 anafanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi dereva anakamatwa. Nesi wako aliyeamka saa 1 asubuhi akaingia naiti bila kulala mchana anafika hapo saa 6 ya usiku, bado ana masaa nane na wagonjwa 45 mbele yake. Kwa hiyo hata hiyo naiti yako ya sasa imeshakuwa ndefu, mimi nisingeongeza mchana nao.

Kama wanang'ang'ania, usikatae kwa amri maana utakuwa umewanyima uamuzi tena. Fanya kwa majaribio, wanaotaka tu, miezi miwili, zisizidi mbili mfululizo, na kwa makubaliano ya maandishi kwa sababu sheria yenyewe inaruhusu siku ya masaa 12 bila malipo ya ziada ikiwa tu mmeandikiana, siku zisizidi tano na masaa 45 kwa wiki. Andika makosa ya dawa, majeraha ya sindano na wanaoomba ruhusa ya ugonjwa kabla na baada. Mkae muangalie pamoja. Wajawazito wasiingie kwenye hilo kabisa, na kumbuka sheria inakataza naiti miezi miwili kabla ya kujifungua.

Kuna jambo hujaniambia ila nahisi lipo kwa sababu wodi zetu nyingi ziko hivyo: asubuhi mmoja anapewa dawa, mmoja vidonda, mmoja presha na joto kwa wodi nzima. Inaonekana haraka na pale watu wakiwa wachache sana ina mantiki. Lakini mwaka 1960 Isabel Menzies, aliyechunguza hospitali moja ya kufundishia ya London ambako kama theluthi ya wanafunzi wa uuguzi walikuwa hawamalizi mafunzo, aliona kwamba kumkata mgonjwa vipande vipande hivyo kulikuwa ni namna ya hospitali kuwakinga manesi wasiumie kwa kumjua mgonjwa, na kinga hiyo hiyo ndiyo iliyowanyima furaha ya kumwona mtu waliyemhudumia akipona. Mtu anafunga vidonda 40 halafu hajui jina la hata mmoja, jioni ukimuuliza leo umefanya nini hana jibu. Jaribu kugawa wodi pande tatu asubuhi, kila nesi na wagonjwa wake, kila kitu chao ni chake, na mpya akae upande mmoja na mzoefu kwa miezi mitatu ya kwanza. Usiku na mtu mmoja hilo halitawezekana, bakini na ule mgawo wa kazi kwa kazi, ila mchana inawezekana na hao hao ulionao.

Halafu wiki moja waambie waandike kila kazi waliyofanya ambayo haikuhitaji nesi. Kufuata damu maabara, kubeba sampuli, kwenda famasi mara nne, kujaza fomu za bima, kumtafuta ndugu akalipie, kusukuma kitanda kwenda eksirei. Aiken huyo huyo mwaka 2001 alichapisha utafiti wa nchi tano tajiri, wauguzi kama elfu 43, na kule kote manesi walikuwa wanasema wanafanya kazi zisizo zao huku za kwao zikiachwa. Nina hakika utakuta masaa mengi tu, na mhudumu mmoja wa kukimbiakimbia mchana, ambaye mshahara wake ni mdogo kuliko wa nesi, anaweza kukurudishia karibu nesi mzima. Hilo ni ombi jepesi kwa uongozi kuliko lile la wauguzi wawili, lipeleke kwanza.

Upande wa heshima nitasema machache. Semina zenye posho ziende kwa orodha iliyobandikwa ukutani, kwa zamu, kila mtu aone jina lake linafika lini. Anayetaka kutoka cheti kwenda diploma mjue mapema, mkae na matroni mpange nani aende mwaka gani, kijana anayejua zamu yake ya kusoma ni mwaka kesho kutwa ana sababu ya kubaki. Daktari akimfokea nesi mbele ya wagonjwa wewe nenda kamwone daktari faragha siku hiyo hiyo, usimwachie mtoto wa watu. Mgonjwa akifa ghafla kaeni dakika kumi, aliyekuwa zamu aeleze, wengine wasikilize, kabla barua yoyote haijaandikwa. Na usisubiri mtu aandike barua ya kuacha ndo umuulize kwa nini, muulize aliyebaki: kitu gani kimoja kikibadilika mwezi huu utapumua? Halafu kibadilishe hata kimoja, ukiuliza ukanyamaza ni bora usingeuliza.

Ile semina ya stresi siyo mbaya yenyewe, kupumua vizuri na kulala vizuri vinasaidia. Ila ikija peke yake ni kumfundisha mtu kuogelea huku unamwongezea maji, na ujumbe anaoupata ni kwamba udhaifu ni wake.

Kwa uongozi nenda na karatasi moja, siyo malalamiko. Hesabu ya masaa, kazi zisizo za uuguzi, mahali rosta inapovunja masaa 12 ya mapumziko, waliondoka wangapi na walienda wapi, na imechukua miezi mingapi kumfundisha kila aliyekuja badala yao. Waombe wapime wodi kwa WISN, ile njia ya Shirika la Afya Duniani ya kukokotoa idadi ya watumishi kwa mzigo wa kazi, ili isiwe hesabu yako peke yako. Wakisema hawana hela waambie California tangu 2004 ina kiwango cha wagonjwa kwa nesi kwa sheria, Queensland kule Australia wakaweka cha kwao 2016, na waliofuatilia Queensland waliona siku za kulazwa na wagonjwa kurudi hospitali vilivyopungua viliokoa zaidi ya mara mbili ya gharama ya wauguzi walioongezwa. Sisi hatuna hela za California, sawa, basi omba kitu kingine ambacho ni bure: siku wodi ikifika idadi fulani na naiti yuko mmoja, operesheni zisizo za dharura za kesho yake zisogezwe, na anayeamua hilo ajulikane kwa jina, asiwe nesi wa zamu.

Wakikataa hata mambo ya sheria, masaa ya mapumziko, malipo ya ekstra, asilimia 5 ya nyongeza kwa masaa ya usiku, usipigane peke yako. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi hapo pitia huko, TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, wana wanachama sekta ya afya, kama hakuna Afisa Kazi wa mkoa anapokea maswali bila wewe kufungua kesi, na matroni wako mjulishe kabla ili asisikie kwa mtu mwingine. Rosta ya mwezi ujao msaidizi wako anaweza kuipanga kwa kanuni hizi, mpe hili jibu alisome, wewe nenda kwa daktari.